Maisha ya Bi. Kidude: Kutuza na Kutunza

Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi. Kidude, alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, akiwa binti wa muuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Tangu utotoni alijifunza kuimba kwa kusikiliza nyimbo za Siti binti Saad. Alipokua alipiga ngoma za unyago, akawafunda wanawali, na akaimba taarabu.

Sanaa hiyo haikuwa na mshahara wala pensheni. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka, akamwendea mwimbaji na kumtuza fedha papo hapo. Kutokana na kitenzi tuza, ambacho pia husemwa tunza, tunapata nomino tuzo. Kwa hiyo tuzo ya taarabu hutolewa wimbo ungali kinywani.

Tuzo ya mchango wa maisha huja baadaye sana. Mwaka 1999 Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, liitwalo pia Tamasha la Nchi za Jahazi, lilimtunukia Bi. Kidude tuzo ya namna hiyo. Mwaka 2005 alipata tuzo ya WOMEX nchini Uingereza, na mwaka 2006 ikatolewa filamu kuhusu maisha yake. Wakati huo alikuwa ajuza, lakini hakuacha kupanda jukwaani. Alifariki dunia Bububu tarehe 17 Aprili 2013.

Tukumbuke kwamba tunza lina maana mbili: kutoa zawadi, na kuangalia kitu kisiharibike. Lugha imeziweka maana hizo katika neno moja, bali jamii huzitenganisha. Humkabidhi msanii mzee cheti mbele ya kamera, kisha ikasahau matibabu yake, makazi yake, na vijana wa kurithi ujuzi wake. Huyo ametuzwa, hajatunzwa.

Sisi tunaosomesha Kiswahili hapa Hai Mauna, Juba, tunajua kwamba hai katika jina la mtaa wetu ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa. Katika Kiswahili, hai ni mwenye uhai. Mitaani mwetu wamo wazee waimbaji na wapiga ngoma walio hai. Kuwasikiliza na kuandika wanayoyajua ni kuwatunza, hata pasipo tamasha.

Zoezi: Tunga sentensi mbili kwa kila moja ya vitenzi hivi: tuzwa, tunzwa, tunukiwa.