Jan Ingenhousz: Daktari aliyegundua siri ya mwanga katika jani

DAKTARI Jan Ingenhousz alizaliwa Desemba 8, 1730 katika mji wa Breda, Uholanzi. Alipata jina kwa kupambana na ndui, lakini kazi yake inayomgusa mkulima hadi leo ni nyingine: ndiye aliyeonyesha kwamba jani bila mwanga halifanyi kazi yake.

Mwaka 1768 aliitwa Vienna, Austria, kuwachanja watoto wa ukoo wa Malkia Maria Theresa. Ndui ilikuwa imeshaua watu kadhaa wa ukoo huo. Chanjo ya wakati ule ilitumia usaha wa mgonjwa wa ndui, na aliyechanjwa aliweza kufa. Watoto walisalimika. Ingenhousz akafanywa daktari wa ikulu na kupewa malipo ya kila mwaka kwa maisha yake yote.

Angeweza kustarehe. Badala yake, mwaka 1779 alikodi nyumba nje ya London, Uingereza, na katika msimu mmoja wa joto akafanya majaribio zaidi ya 500 ya mimea.

Kabla yake, Mwingereza Joseph Priestley aliona kwamba mmea husafisha hewa iliyochafuliwa na mshumaa. Lakini jaribio hilo mara lilifaulu, mara lilikataa, na sababu haikujulikana.

Ingenhousz alitumbukiza majani ndani ya vyombo vya kioo vyenye maji. Juani, vipovu vya hewa safi vilipanda. Gizani, vilikoma. Alichunguza pia kama ni joto la jua au mwanga wake, akabaini kuwa ni mwanga. Tena, ni majani na mashina ya kijani tu yaliyotoa hewa hiyo. Mizizi na maua hayakuitoa. Matokeo aliyachapisha mwaka huohuo.

Leo inafahamika kwamba jani hutumia nguvu ya mwanga kuunganisha maji yatokayo mizizini na hewa ukaa, likatengeneza sukari. Oksijeni hutolewa nje. Kazi hiyo huitwa usanisinuru, na sukari hiyo ndiyo inayojaza punje ya mahindi, kiazi na mkungu wa ndizi.

Mwaka 1796 Ingenhousz aliiandikia Bodi ya Kilimo ya Uingereza kuhusu chakula cha mimea na rutuba ya udongo. Alifariki Septemba 7, 1799 huko Bowood, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 68.

Kwa mkulima, ugunduzi huo una maana shambani. Mbolea hulisaidia jani, lakini haichukui nafasi ya mwanga. Magugu yakifunika miche, mahindi yakibanana au viwavi wakitoboa majani, kinachopungua ni chakula ambacho jani lingetengeneza, na hasara huonekana siku ya kuvuna. Ndiyo maana kupalilia mapema na kupanda kwa nafasi ni sehemu ya mavuno.