Kwegyir Aggrey: Mhadhiri wa Livingstone na Tasnifu Isiyokamilika

Katika Magharibi ya Kenya na nchi jirani ya Uganda, Aggrey ni jina la kawaida la mwanamume. Si jina la Kiluhya wala la Kiganda, na halimo katika Biblia. Ni jina la ukoo wa mwalimu mmoja Mfante aliyepita Afrika Mashariki mwaka wa 1924 kwa muda mfupi tu, baada ya kufundisha miaka mingi katika chuo kidogo cha Marekani.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875 huko Anomabo, katika pwani ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Babake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala. Katika jamii za Waakan, neno la mtawala halimfikii raia moja kwa moja. Hupitia kwa msemaji, ambaye hulinakshi kwa methali na mafumbo kabla ya kulitoa barazani. Kwa hivyo, wachunguzi wa fasihi simulizi hawatastaajabu kwamba mwana wa mtu wa aina hiyo alikuja kuwa bingwa wa kuhutubia. Alisoma katika shule ya Kimethodisti mjini Cape Coast, akafundisha huko angali kijana, na mwaka wa 1898 akavuka bahari kwenda Marekani.

Alipokelewa katika Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hiki kilianzishwa mwaka wa 1879 na kanisa la A.M.E. Zion, kanisa la Wamarekani weusi, na mitaala yake haikuwa ya ufundi pekee: lugha za kale, fasihi, falsafa na dini zilikuwa na nafasi ya heshima. Jambo hili lafaa kusisitizwa, kwani wakati huo wafadhili wengi wazungu waliamini kwamba mtu mweusi angefaidika zaidi na useremala na kilimo kuliko Kilatini. Aggrey alihitimu mwaka wa 1902 akasalia chuoni kama mwalimu.

Katika chuo kidogo, mhadhiri hana anasa ya kujifungia katika uwanja mmoja. Aggrey alifundisha masomo kadhaa, akashughulikia usajili wa wanafunzi na fedha za chuo, na kuanzia mwaka wa 1914 akawa pia mchungaji wa makanisa mawili ya mashambani, ambako aliwahimiza wakulima weusi wamiliki ardhi. Alimudu Kilatini, Kiyunani, Kifaransa na Kijerumani. Hata hivyo, mapenzi yake yalizidi kuelekea elimujamii, na wakati wa likizo alisafiri hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuisomea. Shabaha yake ilikuwa shahada ya uzamifu.

Mwaka wa 1920 hazina ya Phelps-Stokes iliunda tume ya kuchunguza elimu barani Afrika, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones. Aggrey ndiye aliyekuwa Mwafrika pekee katika tume hiyo. Iliporudi kwa awamu ya pili, mwaka wa 1924, ilipitia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Aggrey alihutubia popote alipoalikwa. Mfano alioupenda ni wa piano: weupe peke yao na weusi peke yao waweza kutoa sauti, lakini mwafaka wa muziki wahitaji vitufe vyote viwili. Alisimulia pia ngano ya tai aliyelelewa na kuku hata akajidhania kuku, mpaka alipoelekezwa macho juani akapaa.

Katika Kenya ya 1924 mfano wa piano haukuwa mwepesi kumeza. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Harry Thuku akamatwe na watu wapigwe risasi barabarani Nairobi. Ripoti ya tume ilipendekeza elimu iliyofungamana na maisha ya kijijini, jambo ambalo W. E. B. Du Bois alilikosoa vikali, akiona kwamba lingemfungia Mwafrika mlango wa elimu ya juu. Lawama hiyo ina uzito, hasa ikizingatiwa kwamba Aggrey mwenyewe alikuwa zao la chuo kilichofundisha kinyume cha hayo. Lakini ngano ya tai haikutii ripoti. Nnamdi Azikiwe alimsikia Aggrey akiwa mwanafunzi Nigeria, akakata shauri kwenda Marekani kusoma.

Mwaka huo wa 1924 aliteuliwa katika uongozi wa chuo kipya cha Achimota, karibu na Accra, pamoja na mkuu wake, A. G. Fraser. Alitetea wasichana wasome hapo pamoja na wavulana. Mmojawapo wa waliosomea ualimu huko alikuwa Kwame Nkrumah.

Achimota ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alichukua likizo, akarejea New York ili hatimaye aimalize tasnifu yake. Aliugua ghafla, akafa tarehe 30 Julai, 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Maiti yake ilisafirishwa hadi Salisbury, akazikwa katika mji wa chuo chake. Tasnifu haikuwahi kuwasilishwa.