Grace Hopper, mama aliyekagua kabla ya kuamini

Hebu kijana unayeunda programu pale Kericho au Bomet, tazama majirani wanavyochuma chai. Hawangoji msimu uishe. Kila baada ya siku chache huchuma majani mawili na chipukizi, nayo hukaguliwa kituoni kabla ya kwenda kiwandani.

Grace Hopper naye alithamini ukaguzi. Alizaliwa New York mwaka wa 1906, akasomea hisabati hadi uzamifu. Jeshi la majini la Marekani lilimwona mzee na mwembamba mno, lakini hakulegea, akaingia 1943. Mwaka wa 1947 wenzake walikuta nondo amekwama ndani ya tarakilishi ya Mark II. Walimbandika daftarini na kuandika saa. Unaona? Kosa halikufichwa.

Baadaye kila kampuni ikawa na COBOL yake. Jeshi lilipomwita tena 1967, akiwa na miaka 60, kikosi chake kiliunda programu za kukagua programu nyingine. Alifariki 1992.

Basi usingoje umalize yote ndiyo ujaribu. Jaribu kipande cha leo, leo. Programu yako ya kupima majani ikikosea kilo moja tu, anayeumia si wewe, ni mkulima.