ALIYESIKILIZA AKIWA NJE YA MLANGO

Kijana, umewahi kuambiwa hufai? Basi sikia habari za William Seymour.

Alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1870. Wazazi wake walitoka utumwani. Jicho lake moja lilipofuka kwa ndui. Mwaka 1906 huko Houston alitaka kusoma Biblia, lakini eti mtu mweusi haruhusiwi kukaa darasa moja na Wazungu! Je, alisusa? Wapi! Alikaa nje, akasikiliza kupitia mlango ulioachwa wazi.

Mwaka huohuo akaitwa Los Angeles kuhubiri. Kanisa lililomwita likampigia mlango kufuli. Akaendelea kuomba majumbani mwa watu. Mwezi Aprili wakahamia jengo bovu mtaa wa Azusa, lililokuwa zizi na stoo. Alihubiria kwenye masanduku ya mbao, na mara nyingi aliinamisha kichwa humo akiomba. Weusi na Wazungu wakapiga magoti pamoja, moto wa uamsho ukaenea duniani.

Baadaye wengi walimwacha. Yeye hakumwacha Yesu mpaka alipofariki mwaka 1922.

Rafiki, wewe umefungiwa mlango gani? Wa Yesu uko wazi. Ingia leo, kesho si yako!