Morozov: Mhandisi wa vifaru aliyewaketisha askari juu ya baruti

ALEXANDER Morozov hakuongoza jeshi lolote vitani, lakini uamuzi alioufanya katika ofisi ya wachoraji mitambo mjini Kharkiv umegharimu maisha ya askari wengi, baadhi yao wakiwa wamezaliwa baada ya kifo chake.

Alizaliwa mwaka wa 1904 huko Bezhitsa, karibu na Bryansk, Urusi. Mnamo 1919, akiwa angali kijana mdogo, aliajiriwa katika kiwanda cha magarimoshi cha Kharkiv, nchini Ukraine, kunakili michoro. Mkuu wake, Mikhail Koshkin, alipofariki Septemba 1940, Morozov alikabidhiwa uongozi wa wahandisi waliounda kifaru mashuhuri cha T-34.

Wajerumani walipokaribia mwaka wa 1941, kiwanda kilihamishiwa Nizhny Tagil, katika eneo la milima ya Ural. Morozov alirejea Kharkiv mnamo 1951 akiwa na azma ya kuunda kifaru kipya kabisa: kidogo, kifupi na chepesi, ila chenye mzinga mkubwa.

Matokeo yake yalikuwa T-64, kilichopokewa jeshini mwaka wa 1966. Ili kupunguza ukubwa, Morozov alimwondoa askari wa kupakia makombora na mahali pake akaweka mtambo. Hivyo waliobaki ni watatu badala ya wanne. Kifaru hicho kilikuwa na uzani wa chini ya tani 40, ilhali M60 cha Marekani kilizidi tani 45.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Makombora na baruti yake yalipangwa kwa duara chini ya mzinga, yakiwazunguka kamanda na mlenga shabaha. Silaha ya adui ikipenya hapo, baruti huwaka kwa pamoja, na mlipuko huweza kurusha angani sehemu yote ya juu ya kifaru. Walio ndani hawapati hata nafasi ya kufungua mfuniko.

Wazo hilo la kupakia kwa mtambo lilienea. T-80 kilirithi mtambo unaofanana na wa T-64, nacho T-72, cha Nizhny Tagil, kikatumia wa aina nyingine uliolaza makombora sakafuni. Wakenya wanakikumbuka T-72 kutokana na meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali mwaka wa 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya aina hiyo.

Vifaru hivi viliundwa kwa vita vya uwanda wazi, ambapo adui yuko mbele, na ndiyo maana chuma kinene kiliwekwa huko. Mjini Grozny, kati ya Desemba 1994 na Januari 1995, wapiganaji wa Chechnya waliwashambulia Warusi kutoka ghorofani na pembeni. Nchini Ukraine, kuanzia 2022, makombora na droni vimepiga paa, penye chuma chembamba.

Wamarekani walichagua njia tofauti. Katika M1, kilichoanza kutumika mwaka wa 1980, makombora mengi hutengwa nyuma ya milango ya chuma, na mlipuko huelekezwa nje.

Morozov, aliyetunukiwa mara mbili nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kisoshalisti, alistaafu mwaka wa 1976 na kufariki Juni 1979. Ofisi ya wahandisi ya Kharkiv ilipewa jina lake. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka wa 2022, T-64 ndicho kilikuwa tegemeo kuu la vikosi vya vifaru vya Ukraine, na askari wa pande zote mbili waliingia vitani wakiwa wameketi juu ya baruti.