Medali ya Akii-Bua Haikumlinda

Vijana wanaposhindana katika viwanja vya Thika na Ruiru, ni nadra mgeni wa heshima kuondoka bila kutangaza kwamba michezo huleta amani. Umoja wa Mataifa nao huadhimisha tarehe 6 Aprili, tangu mwaka 2014, kuwa siku ya michezo kwa ajili ya maendeleo na amani. Kwa sisi tunaoshughulikia isimu, neno hilo huleta lina la kuchunguzwa. Kiambishi hu- huonyesha mazoea tu. Hakitaji wakati wala hakina mahali pa kumweka mtendaji. Hivyo ndivyo tunavyofikia kuamini kwamba amani hujileta, mradi mpira umepigwa. Maisha ya John Akii-Bua wa Uganda yanatufunza vingine.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa ya mitala. Alijiunga na polisi, na humo ndimo kipaji chake cha riadha kilipochomoza. Chini ya kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, alijifunza mbio za mita 400 kuruka viunzi, na mwaka 1970 akamaliza wa nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Hata hivyo alishinda kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza walifuata nyuma yake. Siku tatu baadaye, wanamichezo wa Israeli walivamiwa katika kijiji kile kile cha Olimpiki, na 11 kati ya wajumbe wa nchi hiyo wakauawa. Amani ya michezo ilikwisha kabla michezo yenyewe haijakwisha.

Nyumbani, Idi Amin alimpandisha cheo na kumzawadia nyumba. Lakini serikali hiyo hiyo iliwaandama Walango, kabila la Milton Obote aliyepinduliwa mwaka 1971, na wengi wakauawa, wakiwamo ndugu za bingwa huyu. Mkono uliompa nyumba ndio uliobomoa ukoo wake. Mwaka 1976 Uganda iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi. Huko Edwin Moses alishinda na kuivunja rekodi yake, naye Akii-Bua hakupata nafasi ya kuitetea.

Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, alikimbilia Kenya na familia yake, akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Wakazi wa Thika wanaokikumbuka kituo cha kupokea wakimbizi kilichokuwa mjini mwao katika miaka ya 1980 wanaweza kukisia uzito wa hali hiyo. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kutoka kambini na kumpeleka Ujerumani Magharibi. Aliiwakilisha Uganda tena Moscow mwaka 1980, kisha baadaye akarejea kwao kuwa kocha wa polisi. Alifariki Kampala mwezi Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Tusiseme basi kwamba michezo haina faida. Urafiki uliojengwa uwanjani ndio uliomfungulia mlango wa kambi. Lakini medali haikuwalinda ndugu zake, kwa kuwa waliokuwa na dola hawakutaka amani. Wanasiasa wetu hugawa mipira na jezi majira ya kampeni, na wengine wao hupanda jukwaani jioni kuwachochea vijana wale wale dhidi ya majirani zao wa Makongeni au Githurai. Kijana anayepokea jezi ana haki ya kumwuliza aliyeitoa atasema nini jukwaani jioni hiyo. Amani huletwa na watu, nao wana majina.