John Wayne: Shujaa wa bunduki za maigizo aliyewinda kwa kamba Tanganyika

JOHN Wayne, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana duniani kote kwa kushika bunduki mbele ya kamera, hakuwahi kuwa askari hata siku moja.

Alizaliwa Mei 26, 1907, katika mji mdogo wa Winterset, jimbo la Iowa, akaitwa Marion Robert Morrison. Angali mtoto, familia yake ilihamia California. Huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Southern California kwa udhamini wa michezo, ambao aliupoteza baada ya kuumia.

Ndipo alipopata kibarua katika studio ya Fox, akibeba na kupanga vifaa vya maigizo. Hivyo, kabla hajawa nyota, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wanaoandaa vitu ambavyo mtazamaji huviona kuwa vya kweli.

Bunduki ni mojawapo ya vitu hivyo. Nyingine huwa sanamu tu za mbao au mpira. Nyingine ni bunduki halisi zinazojazwa risasi baridi, yaani zenye baruti lakini zisizo na kichwa. Hutoa moto na mlio, na kwa karibu zinaweza kuua.

Mwaka 1930 alipewa jina la John Wayne na nafasi ya kwanza kubwa, katika filamu ya The Big Trail. Haikufanikiwa, naye akatumia karibu miaka 10 katika filamu za bei nafuu.

Mambo yalibadilika mwaka 1939, John Ford alipompa nafasi katika Stagecoach. Watazamaji walimwona akiizungusha kwa mkono mmoja bunduki ya Winchester, ambayo pete yake ya kukokea ilikuwa imepanuliwa. Silaha ya namna hiyo ikawa alama yake.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, Wayne alikuwa na umri wa miaka 34 na baba wa watoto wanne. Waigizaji wenzake, wakiwamo Clark Gable na James Stewart, walivaa sare. Yeye aliahirishiwa wito wa jeshi, akabaki Hollywood akiigiza ushujaa wa askari. Jambo hilo liliendelea kutiliwa shaka maisha yake yote.

Mwishoni mwa mwaka 1960 aliwasili Tanganyika, ikiwa imebaki takriban mwaka mmoja nchi ipate uhuru. Mwongozaji Howard Hawks alikuwa akitengeneza filamu yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Wasafiri wa barabara ya Singida kwenda Arusha hupita karibu na Ziwa Manyara, moja ya maeneo ilikopigwa picha.

Humo Wayne aliigiza kiongozi wa wakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Bunduki zilikuwapo, lakini kazi kubwa ilifanywa kwa magari na kamba. Waigizaji wenyewe walishiriki kuwakimbiza wanyama wa porini. Shujaa wa risasi baridi alikabiliwa na hatari ya kweli, na bunduki haikuwa chombo chake kikuu.

Hata hivyo, katika filamu hiyo wenyeji wa nchi waliachwa pembeni. Mwaka 1971, matamshi ya Wayne katika mahojiano, yaliyowadunisha watu weusi, yalionyesha fikra zake waziwazi. Yanaendelea kulaaniwa hadi leo.

Mwaka 1964 aliondolewa pafu moja kwa sababu ya saratani. Mwaka 1970 alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya True Grit. Filamu yake ya mwisho, The Shootist ya mwaka 1976, ilimhusu mpiga bastola anayekufa kwa saratani.

Yeye mwenyewe aliaga dunia kwa maradhi hayo Juni 11, 1979, mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 72. Kwa takriban miaka 20, kaburi lake halikuwa na jina.